Tulishindwa, au Tulipoteza?

Jumatatu moja, wakati nikisomesha Kiingereza katika shule moja ya sekondari mjini Tanga, nilibaki chumba cha waalimu baada ya wanafunzi kutawanyika, madaftari 40 yakiwa mbele yangu, nikasahihisha insha walizoandika juu ya mpira wa Jumamosi iliyopita, ambao vijana wetu waliwafunga majirani zao mabao mawili kwa moja. Hazikupita kurasa nyingi nikakutana na sentensi ya maneno matatu, "We won them", nami, kama nilivyofunzwa na waalimu wangu, nao kama walivyofunzwa na waalimu wao, nikalikata neno la katikati kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake "beat", nikaendelea. Daftari la pili lilikuwa na kosa lilo hilo, na la tatu, na la sita. Na nilipolifikia la mwisho, jua likiwa limekwisha kujificha nyuma ya minazi, nilihesabu madaftari 26 yenye jeraha moja la wino mahali pamoja.

Asubuhi yake, nilipoyarejesha, kijana mmoja aliyecheza katika mpira ule, mpole na mwenye haya, alisimama akaniuliza, "Samahani, mwalimu, kwani hatukuwashinda?" Nikamjibu kwamba waliwashinda. "Basi mbona umeandika kuwa tuliwapiga, nasi hatukumgusa mtu?"

Nilimpa kanuni, naye akaiandika kwa adabu, walakini niliona machoni mwake kwamba nilichompa kilikuwa amri, wala hakikuwa sababu. Swali lake nimekaa nalo miaka mingi, nikilipeleka katika kamusi, katika magazeti ya michezo, na katika mabaraza ya wacheza bao, na leo nataka kulijibu kwa urefu linaostahili.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuisema. Kitenzi "win" cha Kiingereza hutwaa mchezo, vita, kesi, kikombe, uchaguzi, adui hakimtwai. Ukikilazimisha kimtwae mtu, maana hugeuka papo hapo, ikawa umempata mtu huyo, umemvuta upande wako, umeuteka moyo wake kama mchumba anavyouteka moyo wa amtakaye. Hivyo wale vijana 26, pasipo kujua, walikuwa wameandika kwamba majirani zao wamekuwa tuzo yao. Mtu unayeshindana naye ana kitenzi chake, "beat", au "defeat" ikiwa mwandishi anataka taadhima. Na yule aliyeshindwa ana kitenzi cha tatu, "lose", ambacho ndicho hicho hicho atakachokitumia siku atakapopoteza ufunguo wa mlango. Tukio ni moja, uwanja mmoja, dakika 90 zile zile, lakini Mwingereza huligawa katika vitenzi visivyojuana kwa asili wala kwa sura, ilhali sisi tunalichota lote katika shina moja: shinda, shindwa, shindana, mshindi, mshindani, ushindi, mashindano, ndugu wa tumbo moja wanaotambulikana hata gizani. Methali isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani imesimama juu ya udugu huo. Mwenye kuifasiri kwa Kiingereza hana budi kuazima maneno yasiyo na nasaba moja, na nguvu yake yote itamvuja mikononi.

Kijana wa Pwani, basi, anapoandika kama walivyoandika wale wangu, hakosei kwa uvivu. Ametoka katika lugha ambayo neno moja humwelekea adui, huuelekea mchezo, huielekea shida, huuelekea hata mchana, kwani tunaulizana jioni "umeshindaje?", na mtu aliyeianza siku alfajiri akaifikisha magharibi tunasema ameshinda, kana kwamba mchana nao ni mpinzani ambaye kila kiumbe hai humenyana naye mara moja kwa siku.

Ukifukua asili ya maneno ya Kiingereza utaona kwamba kila moja limetoka shamba lake. "Win" katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivuka bahari mwaka 1066, lilikuwa "winnan", na maana yake ilikuwa kutaabika, kufanya kazi ngumu, kupigana. Matunda ya taabu ndiyo yaliyokuja baadaye yakalimeza neno zima, jasho likasahauliwa, kikombe kikabaki. "Beat" ni neno la ukoo huo huo wa kale, na hadi leo ni kupiga tu: mpishi hupiga mayai kwa neno hilo, ngoma hupigwa kwa neno hilo, moyo hudunda kwa neno hilo, zulia hukung'utwa vumbi kwa neno hilo, na njia ya zamu ya askari polisi huitwa kwa neno hilo, kwa sababu nyayo zake huipiga usiku kucha. Hapa sisi hatuna haki ya kustaajabu, maana katika kupiga hakuna taifa lililotufikia. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga moyo konde. Lakini angalia jambo hili: pamoja na ukarimu wetu wote wa kupiga, ushindi wenyewe, katika usemi wa asili, tuliuweka mbali na fimbo, tukaupa kitenzi chake kisicho na kofi ndani yake.

Nasema katika usemi wa asili, kwa kuwa kurasa za michezo za magazeti yetu zimekwisha kuivunja tofauti hiyo, tena kwa ufundi mkubwa. Timu haishindwi siku hizi. Huchapwa, hutwangwa, hufumuliwa, hugaragazwa, hupokea kichapo, hula kipigo. Zamani niliudhika na lugha hiyo nikidhani ni uigaji wa magazeti ya London, ambako nako timu hugongwa nyundo na kupondwa kila wiki. Lakini nilipochunguza niliacha kuudhika. Neno "thrash" ambalo Waingereza hulipenda sana kwa ushindi wa mabao mengi ni umbo jingine la neno la kupura nafaka uwanjani, kazi ya mkulima wa ngano mwenye mchi wake wa kupuria. Na mwandishi wetu anaposema kwamba timu imetwangwa, ameuchukua mfano wake katika kinu cha nyumbani, mahali pa mpunga na mahindi. Hakuna aliyemwibia mwenziwe. Kila mmoja ameingia ghala yake, akatoka na mchi wake.

Ajabu iliyo kubwa zaidi ni ya "defeat". Neno hili lilifika Uingereza kutoka Ufaransa, nalo katika Kifaransa cha kale lilikuwa kutengua, kurejesha nyuma kilichokwisha kufanywa. Mtazame fundi cherehani aliyeletewa kanzu iliyoshonwa vibaya: haichani, haipigi; huiweka pajani, akaikunjua upindo, akashika wembe kwa vidole viwili, akakata uzi mmoja hapa na mmoja pale, kisha akavuta, na mshono wote ukafunguka kwa sauti ndogo kama ya mchanga unaomwagika. Huko ndiko kufumua, na huko ndiko "defeat" kwa maana yake ya kwanza. Waandishi wetu waliokiita kichapo kikubwa kufumuliwa hawakusoma Kifaransa cha kale, lakini waliliona jambo lile lile, kwamba timu ni mshono, na kwamba kuna siku nyuzi zake huvutwa moja baada ya moja hadi wachezaji 11 wakabaki vipande 11.

Lipo neno jingine la Kiingereza, "drub", la kumpiga mtu kipigo kikubwa au kuishinda timu kwa mabao mengi, ambalo msomaji wa Kiswahili angepaswa kulisalimia kama jamaa yake. Lilianza kuonekana katika karne ya 17, katika maandiko ya wasafiri wa Kiingereza waliokuwa wakisimulia habari za nchi za Waislamu na adhabu ya kupigwa bakora nyayoni, na watungaji wa kamusi wengi wanaelekea kuamini kwamba ni "dharaba" ya Kiarabu, yaani kupiga. Sisi tuliichukua mizizi hiyo hiyo kwa njia ya jahazi, ikawa dharuba, nalo neno la pigo likawa la tufani, kwa sababu mabaharia wetu walimjua mpigaji mkubwa kuliko askari yeyote mwenye bakora. Basi timu ya Manchester inapofungwa mabao sita na gazeti likalitumia neno hilo, na nahodha wa jahazi la Lamu anapoliteremsha tanga kwa hofu ya dharuba, Mwarabu mmoja wa zamani amesema katika vinywa vyote viwili.

Na maadamu nimekigusa Kiarabu, nitaongeza moja kabla sijarudi njiani. Kushinda kwa Kiarabu ni "ghalaba", na neno letu aghalabu ni tawi la mti huo, likimaanisha lile linaloyashinda mengine kwa wingi wa kutokea; lakini tawi lake jingine, ghilibu, limekuwa kwetu kulaghai. Kati ya kushinda na kulaghai pana hatua fupi, na wazee wa masoko ya Pwani walioligeuza neno hilo, bila shaka, waliipima hatua hiyo kwa miguu yao wenyewe.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niandike, nalo ni "lose".

Uzito wake hauko katika tahajia, ingawa wanafunzi wengi huiongezea herufi moja ya o wakaandika neno la kulegea. Wala hauko katika vihusishi vyake, ingawa navyo ni taabu, kwani Mwingereza hutumia "to" kwa aliyekushinda na "by" kwa kiasi alichokushinda, pale ambapo sisi husema tulishindwa *na* majirani *kwa* mabao mawili. Uzito uko katika kauli. Kushindwa ni kauli ya kutendwa. Aliyesema "tumeshindwa" amekwisha kukiri kwamba yupo aliyemtenda, na sikio la msikilizaji hungoja kwa haki kusikia jina lake: na nani? Bali "lose" ni kauli ya kutenda. Mtendaji wake ni yule yule aliyeshindwa. Kama vile aliyekiacha kisu chake kikateleza baharini, yeye ndiye aliyefanya, na mpinzani wake anaweza kuondoka katika sentensi asirudi tena.

Kweli Kiingereza nacho kina kauli ya kutendwa, na Mwingereza aweza kusema kwamba amepigwa, sitaki kumdhulumu. Lakini sikiliza linalomtoka kwanza mtu atokapo uwanjani. "We lost." Maneno mawili, wala mshindi hayumo.

Nikiwa na umri wa miaka 14 hivi, bibi mmoja mjane katika mtaa wetu, ambaye mumewe alikuwa baharia katika meli za kigeni na akafa huko huko safarini, aliletewa barua ya Kiingereza kutoka kwa afisa mmoja wa meli, naye akaniita nimsomee kwa kuwa nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka ukumbi wenyewe, mkeka mpya wa ukindu, harufu ya udi ya siku za matanga, na kidole chake kilichokuwa kikiufuata mstari niliokuwa nikiusoma kana kwamba angeweza kuzihisi herufi kwa ngozi. Afisa yule aliandika kwa huruma ya kweli, na mimi, kwa elimu yangu ya wakati ule, nikakifikia kifungu alichompa pole kwa "your loss", nikakifasiri, "Anakupa pole kwa hasara yako." Kidole kikasimama. "Hasara gani, mwanangu?" akaniuliza taratibu. "Mume wangu alikuwa bidhaa?" Nikashikwa na soni, nikasema, "Niwie radhi, bibi, anasema pole kwa kufiwa." Akashusha pumzi, akaniambia niendelee.

Sikujua siku ile kwamba nilikuwa nimesimama mahali zinapotengana lugha mbili. Mwingereza aliyefiwa na mamake husema amempoteza mama, na aliyeshindwa mchezo amepoteza mchezo, na aliyepungua mwili amepoteza uzito, na aliyekasirika amepoteza utulivu, na aliyefilisika amepoteza mali. Mkono mmoja ulio wazi hutosha kwa misiba yote. Kwetu mauti hayapotezi kitu mkononi mwa mtu. Tunafiwa, kama tunavyoibiwa, kama tunavyoshindwa. Kitenzi kimekunjwa ili kionyeshe kwamba jambo limetoka nje likatuteremkia, na kwamba anayesimama mbele yetu akilia si mzembe aliyeacha kitu kikaanguka.

Asili ya neno lenyewe inaelezea kitu. Katika Kiingereza cha kale "losian" ilikuwa kuangamia, kupotelea mbali, na ndani ya "lose" ya leo, chini kabisa, bado mna kifo. Labda ndiyo sababu mchezo ukishindwa huko, maneno ya mazishi huja upesi. Mwezi wa Agosti 1882, katika uwanja wa The Oval mjini London, Waingereza walihitaji mikimbio 85 tu kuwashinda Waaustralia katika kriketi, mchezo ambao wao wenyewe ndio waliokuwa mabwana zake. Wakatolewa wote kwa 77. Gazeti la The Sporting Times likachapisha tanzia ya kriketi ya Uingereza, likatangaza kwamba maiti itachomwa na majivu yatachukuliwa Australia. Lilikuwa neno la mzaha lililosemwa kwa uchungu, lakini halikufa: hadi leo mataifa hayo mawili hushindania kitu kiitwacho Majivu, na kichupa kidogo cha udongo, chenye kimo cha sentimita 11 hivi, kimehifadhiwa katika uwanja wa Lord's kama masalia ya mtu mtakatifu. Kadhalika katika sataranji. Neno ambalo Mwingereza hulitamka mfalme wa mwenziwe anapokosa njia, "checkmate", ni "shah mat" ya Waajemi iliyopitia kwa Waarabu na Wafaransa. Na wapo wajuzi wa Kiajemi wasemao kwamba mfalme pale ameduwaa tu, ameishiwa na la kufanya, lakini sikio la Mwarabu lilisikia ndani yake kufa, neno la ukoo mmoja na mauti yetu, na Ulaya ikapokea mfalme aliyekufa.

Nimekaa mara nyingi katika baraza la bao kuangalia anavyosema aliyeshindwa. Kete zake za safu ya mbele zimeliwa, mkono umezunguka juu ya mashimo matupu ukakosa pa kushuka, na watazamaji wamekwisha kunyamaza kwa heshima. Hasemi amepoteza. Hukusanya kete chache zilizobaki, akazimimina kwenye shimo kwa mlio mmoja mkavu, akamtazama mwenziwe usoni, akasema, "Umenifunga," au kwa watu wazima zaidi, "Umenishinda, bwana," kisha akainuka ili anayengoja zamu akae. Neno lake la mwisho katika mchezo ule ni la kumtaja mshindi na kumpa haki yake.

Kwa hiyo, ninaposikia katika matangazo ya mpira kwamba timu fulani "imepoteza mchezo wake wa pili", kama inavyosemwa sasa kila Jumapili na watangazaji ambao ufasaha wao mimi mwenyewe nauheshimu, moyo wangu husita. Maneno ni ya Kiswahili yote, hakuna herufi ya kigeni, lakini kiunzi ni cha ng'ambo. Mchezo haukupotea. Haukudondoka katika mfuko uliotoboka. Walikuwapo vijana 11 wengine waliokimbia, wakatoka jasho, wakautwaa, na sentensi imewafuta. Lugha hukua kwa kuazima, nami si katika wale wanaotaka kuufunga mlango. Neno sare na neno suluhu tumeyatumia kwa hekima yetu wenyewe, hata mwandishi makini wa Tanzania akalitenga suluhu kwa mchezo usiozaa bao na sare kwa mchezo wa mabao yaliyolingana, tofauti ambayo Waingereza hawanayo kwa neno moja moja. Lakini pale tunapoazima na kilichokuwamo nyumbani ni bora, tumebadilisha dhahabu kwa shaba.

Tena neno hilo haliji peke yake. Nyuma yake huja jina. Mwanahistoria Scott Sandage, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2005 juu ya historia ya kushindwa nchini Marekani, ameonyesha jinsi katika karne ya 19 neno la kuanguka kibiashara, lililokuwa tukio linaloweza kumpata mtu yeyote katika mwaka mbaya, lilivyogeuka taratibu likawa sifa ya mtu mwenyewe, mpaka ikawezekana kusema si kwamba fulani ameanguka, bali kwamba fulani *ni* mwanguko. "Loser" limeifuata njia hiyo: lilikuwa aliyeshindwa leo, likawa aliyezaliwa wa kushindwa. Nimewasikia vijana wetu wa mijini wakiitana luza, na sikupata katika Kiswahili cha kawaida neno la kuweka mahali pake. Kamusi za zamani zinalo mshinde, lakini ni nani aliyelisikia sokoni? Tunasema aliyeshindwa, na hilo si jina, ni kitenzi kilichovaa kilemba cha jina, chenye wakati uliopita ndani yake: alishindwa siku ile, mahali pale, na mtu yule. Keshokutwa kitenzi kitakuwa kimekwisha muda wake, na yeye yu huru.

Winston Churchill alitangaza ushindi dhidi ya Ujerumani tarehe 8 Mei 1945, na kabla ya miezi mitatu kutimia matokeo ya uchaguzi yakamtoa madarakani, na Clement Attlee akakaa mahali pake. Vitabu vya Kiingereza husema kwamba alishinda vita akapoteza uchaguzi, na sentensi hiyo imesawazika vizuri sana. Lakini Attlee yuko wapi ndani yake?

Fikiri pia habari ya Filbert Bayi wetu, ambaye tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, New Zealand, alitangulia tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake John Walker, mwenyeji, alimaliza kwa 3:32.5, naye pia akawa ameipita rekodi ya zamani ya Jim Ryun, 3:33.1, iliyodumu tangu 1967. Kwa Kiingereza, Bayi "won" mbio, "beat" Walker, na Walker "lost". Alipoteza nini mtu yule, aliyekimbia kasi kuliko mwanadamu yeyote aliyekimbia kabla ya mchana ule? Kwa Kiswahili mambo hukaa sawa: Walker alishindwa na Bayi, akamshinda Ryun.

Lakini mtu ambaye maneno ya Kiingereza hayamtoshi kabisa ni John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Siku ya marathoni ya Olimpiki, tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico, lililoko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba na misuli hukakamaa, walianza wakimbiaji 75. Akhwari alianguka njiani, goti lake likaumia vibaya na bega likajigonga barabarani. Akafungwa bendeji, akainuka. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kumaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26, medali zikatolewa, watazamaji wengi wakaenda zao, giza likaingia, ndipo Mtanzania yule alipotokea katika lango la uwanja, mguu mmoja umefungwa kitambaa, akitembea, akikimbia kidogo, akichechemea, hadi akauvuka mstari, zaidi ya saa nzima baada ya Wolde. Wakimbiaji 18 hawakumaliza. Yeye alikuwa wa 57, wa mwisho.

Niliwasimulia habari hiyo wanafunzi wa darasa lile lile la madaftari 26, mwezi mmoja au miwili baada ya swali la yule kijana, nikawataka waiandike kwa Kiingereza. Walikwama mahali pamoja. Alishinda? La, Wolde ndiye aliyeshinda. Alipoteza? Darasa zima lilikataa, na mmoja wao, msichana wa safu ya nyuma, alisema, "Hata kidogo, mwalimu. Kapoteza nini, na mbio kazimaliza?" Nikawaacha wahangaike nayo nyumbani.

Siku ya kusahihisha nilikuta katika daftari la yule kijana mchezaji, baada ya kuanguka na bendeji na giza, sentensi hii: "The race did not win him." Kwa kanuni niliyomfunza mimi mwenyewe ilikuwa kosa, kosa lile lile la mwanzo, na wino mwekundu ulikuwa mkononi. Nilikaa nayo kitambo. Mwishowe niliifunika kalamu, nikachukua ya bluu, nikaandika chini yake kwa mwandiko mdogo, bila ya mkato wala alama: *Mbio hazikumshinda.*